Viazi, Mafuta ya Ng'ombe na Misimu Yangu Mitatu ya Kuzungusha Mpira

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa, meno yote, na goti moja zuri. Nilipomweleza mama yangu jambo hilo alikuwa ameketi mlangoni akitoa minji kwenye maganda. Hakuinua kichwa.

"Kustaafu ni ya wazee," alisema. "Wewe umefutwa."

"Sijafutwa, Maitu. Mkataba umeisha."

"Sawa. Mkataba ikiisha, mtu huenda kukatia ng'ombe nyasi."

Nikaenda kukata nyasi. Lakini nikiwa huko, nimeinama na mundu mkononi na Mlima Kenya umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuniona, niliwafikiria ninyi vijana mnaobaki mkirusha mpira pale Gatitu bila mtu wa kuwaambia lolote. Ndiyo maana naandika. Sitasema habari za mshahara, mtacheka. Wala sitasema habari za vyeo, kwa sababu katika timu yetu ya kriketi ya kaunti cheo kilikuwa kimoja tu, cha unahodha, na Wachira alikishika kama anavyoshika kisu chake cha bucha. Nitasema habari za vidole.

Kama haya yatasomwa na mtu asiyeujua mchezo, basi ajue hivi. Mrushaji huurusha mpira udunde chini mara moja. Mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu akiwa na gongo la mbao. Mpira ukimpita ukagonga vijiti, anatoka. Ukifika mpaka wa uwanja, umepigwa au haukupigwa, timu yake huhesabiwa mikimbio minne, na timu yenye mikimbio mingi ndiyo inayoshinda. Warushaji wengi hutegemea kasi. Hukimbia kutoka mbali kana kwamba wanafukuzwa na nyuki. Sisi wa kuzungusha hatuna kasi. Tunaupa mpira mzunguko kwa vidole, na ukidunda unapinda kwenda mahali ambapo mpigaji hakuutarajia. Ni kazi ya kudanganya watu mchana kweupe mkiwa mmevaa nguo nyeupe.

Mimi sikujifunza uwanjani. Nilijifunza nyumbani Endarasha, kwenye viazi.

Mama yangu ni mpangaji wa magunia. Gunia la viazi likishajaa hadi mdomoni, kwake ndipo linapoanza. Juu yake hupanga viazi vingine, duara juu ya duara, mpaka gunia livae kilemba, kisha hushona wavu wa kamba juu ya kilemba hicho. Kiazi cha kilemba hakiwekwi, maana ukikiegemea, vyote vinaporomoka. Hurushwa kutoka hatua mbili kwa kukisokota kidogo kwa kidole cha shahada, ili kikitua kijizungushe, kijitafutie shimo lake na kutulia. Nilianza kurusha nikiwa darasa la tatu. Kufikia miaka ishirini na tano Maitu alikuwa ananiruhusu kupanga kilemba kizima isipokuwa kiazi kimoja, kile cha juu kabisa. Hicho alikirusha mwenyewe. Hakuwahi kumwachia mtu, hata marehemu baba.

Siku moja alikuja Mzee Jayant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, kuleta mabati ya jirani. Mzee Jayant alizaliwa Nyeri, babake alizaliwa Nyeri, na Kikuyu chake kina matusi ambayo hata nyanya yangu alikuwa ameyasahau. Alisimama kando ya gunia akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe kijana," alisema, "rusha hiyo tena."

"Kiazi?"

"Hapana, rusha mlima. Kiazi, ndio!"

Nikarusha. Kikatua, kikapinda, kikakaa. Mzee akaingiza mkono kwenye koti akatoa mpira mwekundu wa ngozi, mgumu, wenye mshono katikati. Nilidhani ni kiazi cha Wahindi.

"Huyu ni wa kazi," Maitu akamwambia. "Ukitaka kuongea na yeye, ongea ukipanga."

Mzee Jayant akavua koti akapanga viazi nusu saa. Vyote viliporomoka. Lakini alipoondoka nilikuwa nimekubali kwenda kufanya majaribio kwenye timu ya kriketi aliyoifundisha, na Maitu alikuwa amekubali kwamba nikishindwa nitarudi kabla ya palizi.

Siku ya kwanza nilifika Gatitu nimevaa suruali nyeupe ya kwaya na gambuti. Wengine walikuwa na viatu vya meno. Wachira, ambaye siku za kazi huuza nyama hapohapo Gatitu na siku za mechi hudaka mipira nyuma ya vijiti, alinizunguka kama anayekagua mbuzi.

"Wewe ndio wa viazi?"

"Ndiyo, nahodha."

"Na hizo gambuti ni za nini? Tunacheza kwa mkeka, hatuchezi kwa mto."

Ni kweli, kwetu mpira hudundia kwenye mkeka mrefu wa nyuzi uliopigiliwa misumari pembeni. Kumbukeni kuikaza kila asubuhi. Msimu wangu wa kwanza mpira uligonga msumari uliochomoza, ukaruka juu ya mpigaji, juu ya Wachira na juu ya ua, na ukatua ndani ya kikapu cha mayai cha mama mmoja, akaja kuurudisha. Mayai matatu yalivunjika. Wachira alimlipa kwa matumbo.

Mzee Jayant hakunifundisha mengi, lakini alinifundisha kila siku. Mpira ushikwe kama yai la jirani, alisema: usibane, usiangushe, na usionekane nalo. Kucha zikatwe siku mbili kabla ya mechi, si asubuhi yake, maana kidole kilichokatwa kucha leo ni kioga. Sugu ya kidole cha shahada ichovywe kwenye chai ya rangi iliyopoa ikaze. Na juu ya yote, alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya banda.

"Siku ya mechi mikono haigusi kitu. Inagusa kikombe na mpira. Haigusi jembe, haigusi ng'ombe, haigusi bibi ya mtu."

"Na bibi yako je?" Wachira aliuliza.

"Wako amekataa kukugusa tangu ufungue bucha. Wewe huna shida."

Kwa hiyo siku za mechi Maitu alimkamua ng'ombe wetu, na siku nyingine nilimkamua mimi. Ng'ombe huyo anaitwa Wairimu, kama shangazi yangu, jambo ambalo shangazi bado hajaambiwa.

Mtakutana na mambo magumu. La kwanza ni ukungu wa Julai. Kuna asubuhi pale Gatitu ukungu hushuka ukakaa uwanjani kama umelipa kiingilio. Wachezaji wa mbali hawaonekani. Wachira alikuwa akiita majina kama mwalimu wa zamu, na kila aliyeitikia alihesabiwa kuwa yuko. Siku moja mpira ulipigwa juu ukapotelea kwenye ule weupe. Tukasikia "Nimedaka!" Tukafurahi, tukakumbatiana. Ukungu ulipofunguka tukamkuta mwenzetu ameshika gunzi la mahindi choma, mpira uko hatua nne nyuma yake, na yeye mwenyewe anashangaa kama sisi. Alikuwa amedaka kwa moyo wake wote.

La pili ni ngamia. Tulikwenda kucheza Doldol, kule Laikipia, ambako jua halina mzaha na ardhi ni ngumu kama meza. Mpira wangu ulikuwa unapinda vizuri mno. Mpigaji akaupiga kwa hasira, na ulipokuwa unaelekea mpakani ukamgonga ngamia aliyekuwa akipita na mwenyewe wakienda sokoni. Ukasimama hapo chini ya tumbo lake. Hakuna aliyekwenda kuuchukua. Tukamgeukia mwamuzi, Bi Kagwiria, mama wa Meru aliyekuwa daktari wa mifugo kabla ya kuanza uamuzi. Alitembea hadi kwa ngamia, akamshika mguu, akamtazama macho, akamtazama meno. Kisha ndipo akautazama mpira.

"Mgonjwa ni mzima," alitangaza. "Mikimbio minne kwa Laikipia."

"Lakini ngamia ndiye alizuia!" nikalia.

"Ngamia yuko kwa orodha ya wachezaji wako?"

Hakuwapo. Tangu siku hiyo nilimheshimu Bi Kagwiria kuliko watu wote waliowahi kuninyima haki.

Misimu miwili ikapita hivyo. Nilikuwa mrushaji wa wastani. Mpira wangu ulipinda kiasi cha upana wa kiganja, wapigaji wa kaunti jirani wakanizoea, nami nikawazoea. Lakini lazima niwaambie ukweli: nilikuwa na furaha kiasi cha kuogopa. Shambani kile kidole kilikuwa kidole. Gatitu kilikuwa kipaji. Watu wazima walisimama kwenye baridi kunitazama nikikitumia, na kwa saa kadhaa hakuna aliyeniuliza viazi vimefika wapi.

Msimu wa tatu tulicheza vibaya. Ikabaki mechi moja ya mwisho, nyumbani, dhidi ya walewale wa Laikipia. Mzee Jayant alituita kwenye banda akatueleza bila kupamba. Tukishinda, tunabaki daraja la juu na mikataba inaandikwa upya. Tukishindwa, tunashuka, na kule chini hakuna mikataba, mtu hucheza kwa kupenda tu, akipata nafasi.

"Mimi niko na duka," alisema. "Wachira ako na bucha. Ndirangu..."

"Niko na viazi," nikasema.

Nilitazama kidole changu.

Asubuhi ya mechi Maitu aliteleza kwenye tope la boma akateguka kifundo cha mkono. Hakulia. Alisimama katikati ya tope akamlaani Wairimu, yule ng'ombe, ingawa jirani aliyesikia atakuwa amemhurumia shangazi. Ng'ombe alikuwa amejaa hadi anavuja. Hapakuwa na mwingine. Nikachukua ndoo, nikachovya vidole kwenye kopo la mafuta ya kukamulia, nikakamua. Na kwa kuwa baridi ilikuwa imenipasua mikono, nikafanya kama kila mtu wa kwetu anavyofanya: yaliyobaki nikajipaka mpaka kwenye viwiko. Nikakumbuka kanuni ya Mzee. Nikanawa kwa sabuni na maji ya pipa. Yeyote aliyewahi kukamua anajua kwamba maji baridi na mafuta yale husalimiana tu, kila mmoja akaenda zake.

Maitu, kwa kuwa mkono ulimzuia kufanya kazi, akasema atakuja kuona mimi hufanya nini huko. Ilikuwa mara ya kwanza. Alikaa karibu na mama anayechoma mahindi, akawatazama watu ishirini waliovaa nyeupe, akauliza kwa sauti ya kufika mjini:

"Hawa wanabatizwa saa ngapi?"

Tulipiga kwanza tukapata mikimbio mia moja thelathini na mmoja, ambayo si mingi na si aibu. Laikipia wakaanza kuifuata bila haraka, kama watu wanaorudi kutoka sherehe. Wachira akanipa mpira.

Nilirusha wa kwanza. Niliusokota kama kawaida, lakini uliteleza kutoka kidoleni kama sabuni. Haukuzunguka hata kidogo. Ukadunda, ukaenda moja kwa moja. Mpigaji, aliyenijua misimu mitatu, aliweka gongo mahali ambapo mpira wangu huwa unapindia. Haukupinda. Vijiti vikaanguka.

Kelele zilipanda. Wa pili akaja, akaweka gongo mahali palepale pa heshima. Vijiti. Wa tatu alikuwa ameonywa, akaweka gongo katikati, kisha akakosa imani na kulisogeza. Vijiti.

"Hiyo inaitwa nini?" Mzee Jayant alipiga kelele kutoka bandani, kofia mkononi. "Hiyo sijakufunza!"

"Ni mpya!" nikajibu.

Na niliamini. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, vijana. Niliamini nimevumbua. Kati ya mpira mmoja na mwingine nilikuwa nimeanza kufikiria nitakavyoeleza uvumbuzi huo nikihojiwa, na kama nitavua kofia au nitaiacha. Wa nne alipotoka nilikuwa nimeamua kuivua.

Ikafika mwisho. Laikipia walihitaji mikimbio minane, walibaki na mpigaji mmoja wa kutoa, na ilibaki zamu yangu ya mwisho ya kurusha, mipira sita. Wachira alinijia akiwa na mpira. Hakunipa. Alikuwa ameuweka puani.

"Kiazi," alisema polepole, "mbona hii mpira inanuka ng'ombe?"

Nikatazama mikono yangu. Iling'aa. Asubuhi yote ikanirudia: tope, ndoo, kopo, viwiko. Kupaka mpira kitu chochote ni marufuku, hilo mnalijua kabla ya kujua majina ya wenzenu.

"Nilikamua," nikanong'ona.

"Funga mdomo. Mipira sita tu."

"Wachira, ni mafuta ya..."

"Sisi wote tunanuka ng'ombe! Hii ni Nyeri! Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Bi Kagwiria alikuwa na mafua tangu asubuhi, leso haikutoka puani. Ningeweza kurusha mipira sita ya kuteleza, tushinde, nisaini mkataba, nizeeke nikisimulia. Msidhani nilikuwa mtakatifu. Kilichonitia uchungu ni kitu kingine. Nilikuwa nimejifunza kuzungusha tangu darasa la tatu, na siku yangu kubwa kuliko zote ilikuwa imeletwa na mpira usiozunguka. Wale wanne hawakutolewa na mimi. Walitolewa na Wairimu.

Nikaenda kwa mwamuzi na mikono nimeinyoosha mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Bi Kagwiria, nimeupaka mpira mafuta. Sikujua. Nilikamua asubuhi."

Alinusa, akatikisa kichwa. "Leo siwezi kunusa hata kwato bovu." Akausugua mpira kati ya vidole viwili, mara moja tu. "Ah. Ya kukamulia. Na ni ile nzito." Akanitazama. "Chuchu zake hazipasuki?"

"Hapana, daktari."

"Vizuri." Kisha akainua mkono na sauti. "Waliotoka wametoka. Mikimbio mitano ya adhabu kwa Laikipia. Mpira ubadilishwe. Na huyu asiguse mpira mwingine mpaka mikono iwe safi."

Wachira alikaa chini kwenye mkeka kama gunia lililokatwa kamba. Sasa Laikipia walihitaji mitatu tu. Wenzangu wakanijaribia leso, mchanga, majani, suruali. Hakuna kilichofaa. Ndipo nikamwona Maitu ameinuka kutoka kwa mama wa mahindi, sahani ya bati kwenye mkono wake mzima, akija akikata uwanja katikati.

"Mama, mkeka!" Mzee Jayant akapiga kelele. "Viatu! Mkeka!"

Maitu hakumsikia, au alimkumbuka tangu siku ya viazi. Alipita juu ya mkeka, akasimama mbele yangu. Sahani ilikuwa imejaa jivu.

"Baba, leta mikono."

Mimi ndiye niliyepewa jina la babake, kwa hiyo huniita baba, hata anaponisugua mbele ya timu mbili. Alinisugua kwa jivu, kidole kwa kidole, kwa mkono wake mmoja, mpaka ngozi ikakauka na sugu ikasimama.

"Sasa rusha," alisema. "Kama ya juu kabisa." Akarudi kwenye mahindi yake.

Nikaushika ule mpira mwingine. Mshono uliuma kidole kama ulivyotakiwa. Mlima ulikuwa umefunguka kidogo, ncha tu, kipande cha barafu kikichungulia juu ya paa za Gatitu. Nilipiga hatua zangu tatu, nikausokota kwa kila nilichokuwa nacho tangu darasa la tatu.

Ulipaa juu, ukavuma. Ukadunda nje kabisa, mahali ambapo mpigaji aliinua gongo kwa dharau kuuacha upite. Kisha ukapinda. Haukupinda upana wa kiganja. Ulipinda kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Ulipita mbele ya miguu ya mpigaji, ukapita mbele ya vijiti bila kuvigusa, kwa unywele mmoja tu, ukapita glavu za Wachira aliyekuwa amerukia upande ule mwingine, kama mtu yeyote mwenye akili, na ukaendelea kwenda, taratibu, bila mtu nyuma yake, mpaka mpakani.

Mikimbio minne. Laikipia wameshinda. Tumeshuka.

Mpigaji hakushangilia. Alinijia akiburuta gongo.

"Boss," alisema, "hiyo ilipitia wapi?"

Ndio mpira bora kuliko yote niliyowahi kurusha, na ulikuwa wa mwisho. Mzee Jayant aliufuata mwenyewe mpakani, akaupangusa, akautia kwenye mfuko wa koti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hiyo pia sikukufunza," lakini safari hii alisema polepole. Wachira alininunia wiki mbili, kisha akaleta kilo mbili za nyama na kusema zilibaki, uongo mtupu.

Basi ninyi mnaocheza sasa kwa kupenda, kazeni misumari, mwiteni mwenzenu kwa jina ukungu ukishuka, na mkikamua naweni kwa jivu la kuni. Na Bi Kagwiria akipona mafua, msijaribu lolote.

Jana lori lilikuja Endarasha. Maitu, mkono bado umefungwa kitambaa, alisimamia nami nikapanga, duara juu ya duara, mpaka kilemba kikabakiza nafasi moja. Nikasogea nimpishe. Alichagua kiazi, akakizungusha kiganjani, akanipa.

"Cha juu weka wewe."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Nikakisokota. Kikatua juu ya kilemba, kikajizungusha, kikapinda, kikaruka upande wa pili na kwenda zake kwenye kuku.

Maitu alikifuata kwa macho mpaka kikatulia. Kisha akainama, akachukua kingine, akanipa.